Dhahabu Haiogopi Asidi

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mzee Salmini alisimamisha Pijo lake mbele ya bomba la Cornel la kuoshea magari, akazima injini, lakini hakushuka. Hakuwa mtu wa kushuka garini kabla watu hawajageuka kutazama. Alisubiri. Muuza mahindi ya kuchoma akageuka. Mafundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Mbuzi wawili waliokuwa wakitafuna boksi nao wakageuka, na hapo ndipo mlango ulipofunguka, ukatoka mguu mmoja wenye kiatu cheupe, ikafuata kanzu, akafuata mzee mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," alisema Cornel huku akijifutia mikono kwenye suruali.

"Marahaba. Umeziona?"

Cornel alikuwa ameziona. Hakuna mtu wa Runzewe ambaye hakuwahi kuziona. Pijo lilikuwa la zamani kuliko Cornel, jeupe, refu, lenye taa za mbele zilizoinama kama macho ya mtu aliyesinzia kanisani. Lakini chini yake zilikaa rimu nne za rangi ya dhahabu ambazo kijana wa mzee alimtumia kutoka ng'ambo. Kwa miaka tisa Mzee Salmini, aliyenunua dhahabu za wachimbaji tangu enzi za mizani ya kushika mkononi, aliwaambia watu wote sentensi moja: "Hiyo si rangi. Hiyo ni dhahabu." Waliokuwa na shaka walikuwa na adabu pia, kwa hiyo walinyamaza.

Asubuhi hiyo zilikuwa nyeusi. Mzee alikuwa ametoka Shinyanga kuchukua nguo za harusi, na barabara nzima alikuwa akikanyaga breki kwenye kila tuta, na mahali pasipo na tuta alikanyaga kwa mazoea. Rimu zilikuwa kama vikaango vya kukaangia dagaa.

"Hilo ni vumbi la breki, mzee. Pedi zinasagika, unga wake unaruka ukiwa wa moto, unaganda."

"Sijakuuliza linatoka wapi. Nimekuuliza linaondokaje."

"Hujaniuliza, mzee."

"Sasa ninakuuliza."

Cornel akasema litaondoka. Alisema haraka, kama mtu anavyosema amepona kabla daktari hajatoa sindano.

"Sikiliza, kijana. Jumamosi mjukuu wangu anaolewa Ushirombo. Kesho, swala ya Ijumaa ikiisha tu, nakuja kulichukua hili gari. Nataka hizo rimu zing'ae mpaka jua lione haya." Mzee akatazama bomba, akatazama kivuli cha bati, akatazama vyumba viwili vya nyuma ambamo Cornel aliishi na mkewe Klara na binti yao Violeth. Vyote vitatu vilikuwa vya mzee: bomba, bati na vyumba. "Mpwa wangu Nassibu kila wiki ananiomba kiwanja hiki afungue duka la vipuri. Kila wiki namwambia, subiri, Cornel yupo. Usinifanye niache kumwambia subiri."

Akapanda bodaboda, akaikunja kanzu yake vizuri mapajani, akaondoka akiwa amenyooka kama aliyepanda farasi.

Klara alikuwa kwenye jiko la mkaa akigeuza chapati. Alisikia kila neno.

"Baba Violeth, amesema Nassibu?"

"Amesema."

"Basi hilo gari ulioshe kama unaosha mtoto mchanga."

* * *

Kufikia saa tano bodi la Pijo lilikuwa linameta. Rimu zilikuwa bado na weusi wao. Maji ya presha yalitoa tope, yakaacha madoa madogo ya rangi ya kahawia, maelfu kwa maelfu, kama upele. Cornel alitema mate, akafuta kwa kidole. Doa likamtazama.

Ndipo akafika Doto, mdogo wake Klara. Doto alikuwa mchimbaji kwenye mashimo ya huko Geita, na kila shimo lilipojaa maji alikuja Runzewe kula chapati za dada yake. Alizaliwa wa pili, nusu saa baada ya pacha wake Kulwa, na ukoo mzima uliamini kuwa Kulwa alitangulia kutoka akiwa amebeba akili za wote wawili.

"Shemeji, mbona unalisugua kwa huruma? Unaliogopa?"

"Doa limegoma."

Doto akachuchumaa, akajikuna ndevu tano alizokuwa nazo. "Nikuulize. Rimu hizi ni za nini?"

"Mwenyewe anasema dhahabu."

"Na hili vumbi la breki ni nini?"

"Chuma. Unga wa chuma."

"Haya. Sisi kule shimoni dhahabu ikitoka na chuma tunaisafishaje?"

Cornel alianza kuona mahali maneno yalikokuwa yakielekea, na mahali penyewe palipendeza.

"Asidi!" Doto akasimama kwa furaha. "Asidi inakula chuma, inakula shaba, inakula kila takataka. Dhahabu inabaki palepale inacheka. Dhahabu haiogopi asidi, shemeji. Hata mtoto mdogo wa Geita anajua."

"Mna uhakika ni dhahabu?" Klara aliuliza bila kuinua macho kwenye chapati.

"Dada, mzee amenunua dhahabu miaka arobaini. Yeye ndiye akosee, halafu wewe wa chapati ndiye upatie?"

Hoja ilikuwa nzuri. Ubaya wa hoja nzuri ni kwamba ukiisikia mara moja hurudi nyuma kuangalia imesimama juu ya nini.

Doto akavuka barabara kwa Gregory. Huyu Gregory alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa siku hizi: meza, mwamvuli, mizani ya betri, na chupa ndogo ya asidi ya kupimia. Kila Mzee Salmini alipopita juu ya rimu zake, Gregory aliinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Doto alipomweleza anataka asidi na anaitaka kwa kazi gani, Gregory aliitoa chupa upesi mno, hata akaifuta vumbi, kisha akageuza kiti chake kikatazama kwa Cornel. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini kiti kinageuzwa. Doto alisema asante.

Wakaanza na rimu ya nyuma kushoto. Cornel alimwaga, Doto alisimamia. Mara ikasikika sauti ndogo ya kuchemka, kama mafuta yanapoguswa na tone la maji, na povu likaanza kuteremka.

"Unaona? Uchafu unatoka!" Doto alipiga makofi.

Klara alikuja na mwiko mkononi. Akatazama. "Unatoka wa njano," alisema.

"Uchafu ni uchafu, dada."

"Uchafu ulikuwa mweusi, Doto."

Cornel akapiga yowe, akashika mpira wa maji, akamwaga maji mpaka kiwanja kikawa ziwa na mbuzi wakahama. Maji yalipokauka, rimu ilikuwa na rangi ya sufuria mpya ya bei rahisi, nyeupe yenye mabaka ya kijivu. Tatu nyingine zilikuwa dhahabu chafu. Hiyo moja ilikuwa bati safi kabisa.

Ng'ambo ya barabara Gregory alikuwa ameinama. Safari hii aliinama muda mrefu, na mabega yalikuwa yanatikisika.

* * *

Shida ya kwanza ya mtu aliyeharibu ni kwamba hawezi kukaa bila kuharibu tena. Doto akaja na wazo la manjano.

"Ya pilau. Tunachanganya na mafuta ya kupikia, tunapaka, inakuwa dhahabu."

"Ondoka mbele yangu," Cornel alisema, lakini alisema huku ananyoosha mkono kupokea bakuli.

Ikapakwa. Kwa mbali ilifanana na kitu fulani, ingawa si dhahabu. Kwa karibu ilinukia msiba wenye mchele wa kutosha. Mbwa wa muuza mahindi alikuja, akainusa, akaanza kuilamba kuanzia juu kwa utulivu wa mtu aliyealikwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mkeka.

"Klara! Waambie hao wanaume wako waache. Huko harusini watu watalichovyea chapati."

Nyuma ya mkeka uliofunga upande mmoja wa jiko alikaa Mbuke, mama yake Klara na Doto. Alikuwa amefika tangu Jumanne kutoka upande wa Kolandoto kumwona mjukuu wake, akiwa na kuku mmoja na mfuko wa karanga. Na alikaa nyuma ya mkeka kwa sababu Cornel alikuwa mkwilima wake. Huko kwao mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani jina. Heshima ina uzio wake. Miaka kumi na moja Mbuke na Cornel walikuwa wameheshimiana hivyo. Cornel alimjua mama mkwe wake kwa kisigino na kwa kikohozi. Jambo lolote la kuambiana lilipita kwa Klara, kama barua inavyopita posta.

"Mama anasema mwache," Klara aliwaambia.

"Tumesikia," alisema Cornel.

"Huwezi kuwa umesikia. Hajakwambia wewe."

"Basi sijasikia. Muulize, anajua dawa?"

Klara akaingia nyuma ya mkeka, akatoka. "Anasema hiyo nyeupe haina dawa. Imeshakwenda. Anasema ana maneno kuhusu hizo tatu zilizobaki, lakini kwanza Doto anawe asidi mikononi na akakae mahali asipogusa kitu." Akavua aproni. "Na mimi naondoka. Mafundi wa barabara wanataka chapati zao saa saba, nisipopeleka leo hawaniiti tena."

"Unaniacha? Na yeye? Atasemaje na mimi?"

"Sijui, Baba Violeth. Mungu aliwapa akili wote wawili." Akajitwisha beseni, akaenda.

* * *

Cornel alisimama kwenye bomba akiwa na ndoo ya bluu. Nyuma ya mkeka kikohozi kilikohoa mara mbili. Cornel naye akakohoa mara mbili, kwa adabu.

"Ndoo," ilisema sauti ya Mbuke.

Cornel akaitazama ndoo.

"Wewe ndoo, nisikilize. Nilipoolewa nilipewa bilauri sita za bati jepesi, kila moja rangi yake. Nyekundu, kijani, bluu, na nyingine. Nikaisugua ile nyekundu kwa majivu, kama tunavyosugua masufuria. Ikawa nyeupe. Mume wangu aliinywea hiyo nyeupe miaka thelathini, kila siku ananionyesha. Rangi ile haikupakwa, ndoo. Imeingizwa kwenye ngozi ya bati lenyewe. Asidi inaila. Majivu yanaila. Magadi yanaila. Ukishaila hairudi. Hilo gari linavaa bilauri zangu."

Cornel akainama kwenye ndoo. "Ndoo, mwambie mayu, mama yangu, kwamba mimi nimesikia. Muulize, sasa tunafanyaje?"

Mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita alipunguza mwendo, akamtazama mtu mzima anayezungumza na ndoo, kisha akaongeza mwendo.

"Ndoo, gari litoke juani kwanza. Rimu ipoe. Ikiwa ya moto sabuni itaikaukia na itaacha alama. Usioshe zote kwa pamoja. Moja iishe, ndipo nyingine."

Cornel na Doto wakalisukuma Pijo mpaka chini ya bati. Kisha Doto akarudishwa kwenye kigoda alichopewa akae bila kugusa kitu.

"Sasa maji matupu kwanza, mengi, yaondoe mchanga. Ukisugua na mchanga umo, utakuwa unachora. Halafu sabuni ya kuoshea vyombo, ile laini ya maji. Kidogo! Ndoo nzima matone ya kuhesabika. Wewe ndoo si dobi."

Cornel akatia sabuni. Akaongeza. Kwenye matundu ya mkeka kikohozi kikakohoa. Akapunguza.

"Kitambaa kiwe laini. Kitenge kilichochakaa. Na kwenye zile pembe ndogondogo, brashi ya manyoya, si ya nailoni ngumu ile ya kusugulia mazulia."

Brashi ya manyoya ilipatikana kwa kinyozi jirani, ile ya kupangusia nywele shingoni. Kinyozi aliuliza ya nini. Cornel akasema ya gari. Kinyozi akauliza, gari limenyoa?

Walifanya kazi hivyo saa nzima kwenye rimu ya kwanza. Maji yalitoka meusi, Cornel akayamwaga na kuchota mengine, maana Mbuke aliisema ndoo vibaya ilipothubutu kubaki na maji machafu. Tope likaondoka, weusi ukaondoka, lakini madoa ya kahawia yale madogo yalibaki kwenye kingo.

"Ndoo, mwambie mayu madoa yamekataa."

"Lowesha kitambaa kwa sabuni hiyohiyo. Kilaze juu ya doa. Kiache kama unavyomwekea mtoto kitambaa cha homa. Kisikauke. Halafu futa polepole. Likikataa mara ya kwanza, liombe mara ya pili. Usilipige."

Cornel akalaza kitambaa, akasubiri. Akafuta, madoa yakapungua nusu. Akalaza tena. Yakapungua tena. Kazi ilikuwa ya polepole mno, na mwanaume mwenye Nassibu kichwani si mwanaume wa polepole. Mara ya tatu, akidhani hakuna anayemwona, alinyoosha mkono taratibu kwenye rafu ya Klara, akachukua kipande cha stilwaya cha kusugulia masufuria.

"CORNEL!"

Stilwaya ikaanguka. Kuku akaruka. Doto akasimama kwenye kigoda. Mbuke alikuwa ametoka nyuma ya mkeka mzima mzima, kidole juu, khanga imemteleza kichwani, anamtazama mkwilima wake machoni. Alikuwa mfupi. Cornel hakuwahi kujua kuwa ni mfupi.

Walitazamana kwa muda wa kutosha kuvunja mila za vizazi vitatu. Kisha Mbuke akajifunika khanga mpaka puani, akageuka, akarudi kinyumenyume nyuma ya mkeka kama mkanda unaorudishwa mwanzo. Cornel akageukia ukuta.

Klara alirudi wakati huohuo akiwa na beseni tupu. "Nani kaita Cornel? Nimesikia tangu kwa kinyozi."

Doto akakaa upya kwenye kigoda.

"Mama?"

"Nimeiita ndoo," alisema Mbuke.

"Ndoo inaitwa Cornel?"

"Hiyo ya bluu," alisema Cornel, bado anatazama ukuta. "Ndiyo jina lake."

Klara akamtazama mdogo wake. Doto, kwa mara ya kwanza maishani, alifanya jambo la busara. "Ndiyo, dada," alisema. "Tangu zamani."

* * *

Ijumaa saa nane mchana rimu tatu zilikuwa zimekamilika. Zilisuuzwa, zikakaushwa kwa kitenge kikavu ili maji ya bomba yasiache alama za chumvi, na zilikaa pale chini ya bati zikiwa na mng'ao mzito wa asali. Ya nne ilikuwa nyeupe. Cornel alikuwa ameiosha nayo kwa adabu ileile, kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Tangu asubuhi hakuwa amekula. Klara alikuwa ameanza kukunja nguo za Violeth ndani ya mfuko, bila kusema kwa nini.

Watu walikuwa wengi. Gregory alikuwa ametangaza habari vizuri kuliko redio. Walikuja mafundi, waosha dhahabu, kinyozi, wauza nyanya. Hata Nassibu alikuja, akapima kiwanja kwa hatua akidhani hakuna anayemwona.

Mzee Salmini alifika na bodaboda. Alianzia mbele kulia. Akatabasamu. Akaenda nyuma kulia, akagusa kwa kidole, akajitazama uso wake ndani ya rimu, akajipenda. Akazunguka mbele kushoto. "Naam," alisema. Akapiga hatua tano kuelekea nyuma, na hatua ya sita haikupigwa.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, kanzu na yote, akaweka pua karibu na rimu nyeupe, akanusa. Miaka arobaini ya kununua dhahabu haimtoki mtu puani.

"Nani ametia asidi?" aliuliza chini kwa chini.

Doto alikuwa nyuma ya mkeka, amejibanza kwa mama yake. Cornel alipiga magoti kando ya mzee. "Mimi, mzee. Kazi ni yangu, na bomba ni langu. Samahani, bomba ni lako. Lakini kosa ni langu."

"Kwa nini asidi, Cornel?"

"Mzee... ulisema ni dhahabu."

Wakatazamana. Kama mzee angemtukana Cornel kwa kuharibu rimu kwa asidi, angekuwa amewaambia watu wote wale kwamba haikuwa dhahabu. Kama angenyamaza, rimu yenyewe ilikuwa inasema.

"Mzee!" Gregory alikuwa amesogea, sauti tamu, chupa mkononi. "Shikamoo. Tulifundishwa dhahabu haiogopi asidi. Siku hizi imeanza woga? Basi tuzipime na hizo tatu, watu waondoke na uhakika."

Watu wakacheka. Wengine walicheka wakiwa wameziba mdomo, lakini walicheka. Mzee Salmini aliinuka polepole akishika goti. Ghafla alionekana ni mzee kweli, si kwa cheo tu.

Hapo simu yake ikalia. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo kila simu yake ilikuwa ya spika.

"Kaka! Ni mimi Chausiku!" Ilikuwa sauti ya dada yake, mwenyekiti wa kamati ya harusi, na ilifika mpaka kwa kinyozi. "Kamati tumekaa. Wakwe nao wapo hapa. Wanasema ng'ombe mmoja wa karamu uliyemtoa hatoshi. Wanasema mtu anayetembea juu ya dhahabu atoe watatu. Na turubai. Na wanataka kikundi cha taarabu, cha kutoka Kahama, chenye kinanda."

Kicheko kikafa. Hakuna mtu wa Runzewe asiyeijua kamati ya harusi. Hata Gregory alishusha chupa kidogo.

Mzee aliishika simu mbele ya mdomo. Alikuwa anaitazama rimu nyeupe. Aliitazama kama mtu anayesoma barua aliyodhani ni ya mahakama, kumbe ni ya mirathi.

"Kaka? Upo?"

"Nipo, Chausiku. Waambie wakwe, yule ng'ombe wa kwanza wanadhani alitoka wapi?"

"Alitoka wapi?"

"Kwenye rimu. Nimeuza moja. Ya nyuma kushoto. Sasa hivi natembelea bati. Nikifika mtaiona kwa macho yenu."

Upande wa pili zikasikika sauti za watu wengi wakiongea kwa mpigo. "Subhanallah," alisema Chausiku. "Subiri, niwaeleze." Simu ikakatika.

"Umeiuzia nani, mzee?" Gregory aliuliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mnunuzi hapa. Kesho ukiulizwa, umenunua. Au tuwaulize hawa watu chupa iliyofanya kazi hii ilitoka kwenye meza ya nani, na aliyeitoa alijua au hakujua?"

Watu waligeuka wakamtazama Gregory, na safari hii waliocheka hawakuziba midomo. Gregory akaitazama chupa, akaitia mfukoni. "Nimenunua," alisema.

"Kwa bei nzuri?"

"Nzuri, mzee."

Mzee Salmini akawageukia wengine. "Ni alumini," alisema, si kwa sauti kubwa. "Imetiwa rangi kwa dawa na umeme, kiwandani. Kijana wangu aliniambia siku ileile ya kwanza. Mimi nilisema dhahabu mara moja, kwa utani, mtu akanisalimia vizuri zaidi. Nikasema tena." Akapangusa vumbi la goti. "Runzewe mmeshajua. Ushirombo bado. Anayekwenda kuwaambia, mchango wa ng'ombe wawili ni wake."

Hakuna aliyekuwa na safari ya Ushirombo.

Alirudi kwa Cornel, ambaye bado alikuwa amepiga magoti kwenye tope. "Hizi tatu, nani amezisafisha?"

Cornel akatazama mkeka, akatazama chini. "Mama mkwe wangu, mzee. Mimi nilikuwa mikono tu."

Mzee akausogelea mkeka, akasimama umbali wa heshima. "Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba," ilijibu sauti. Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na ilikuwa mchana, lakini hakuna aliyesahihisha.

"Wabeja, asante sana. Kazi ni safi. Nikirudi kutoka harusini nitaleta nyama." Kisha, bila kugeuka, alipaza sauti: "Nassibu! Acha kuhesabu hatua. Endelea kusubiri."

Klara alikaa juu ya mfuko wa nguo, akalia kidogo, akacheka kidogo, kisha akainuka kugeuza chapati iliyokuwa inaungua.

Mzee aliingia garini. Alikuwa ameshawasha injini simu ilipolia tena. Aliiweka juu ya dashibodi ili wote wasikie.

"Kaka," alisema Chausiku, safari hii kwa sauti ya mtu aliyetumwa. "Wakwe wamekubali ya kwanza umeuza. Wanakupa pole. Lakini wanasema wamehesabu, na zimebaki tatu."

"Wamehesabu vizuri," alisema Mzee Salmini, akaingiza gia. "Waambie anayetaka ya pili iuzwe aje na spana yake, aje na jeki yake, na aje na gari la kunirudishia Runzewe."